Kupiga rangi plastiki za gari nyumbani: anza kwa kusoma mgongo wa kipande

Bampa la kwanza nililolipiga rangi nikiwa peke yangu lilibanduka kabla ya mwezi kwisha. Mwenye gari alilipeleka kuoshwa kwa mashine ya maji ya shinikizo, na maji yalipopita ukingoni mwa tundu la taa ya ukungu, rangi yote iliinuka kwa pamoja, kuanzia praima, yaani rangi ya msingi, hadi klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, kama nyoka anavyojivua gamba. Aliniletea kipande cha lile gamba mkononi. Upande wa juu ulikuwa unang'aa, hauna vumbi, na ulilingana na rangi ya milango kiasi cha kunifanya nijivunie kazi hata katika saa ile ya aibu. Upande wa chini ulikuwa laini kama kioo, na ulaini huo ndio ulionieleza kosa langu: nilikuwa nimetumia praima ya bati juu ya plastiki, nayo haikuwa imeshika mahali popote. Ilikuwa imekaa tu juu yake, ikisubiri maji.

Tangu hapo, anayeniuliza anunue rangi gani ya kopo kwa ajili ya bampa au kifuniko cha kioo cha pembeni, mimi humuuliza kwanza kipande chake kimetengenezwa kwa plastiki gani. Wengi hushangaa, kwa sababu neno plastiki hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kwa mpiga rangi zipo plastiki zinazokubali rangi kwa urahisi na zipo zinazoikataa kabisa mpaka zilazimishwe. Jibu mara nyingi limeandikwa kwenye kipande chenyewe. Kigeuze, futa tope upande wa ndani, na utafute herufi zilizopigwa mhuri katikati ya alama mbili zinazofanana na ncha za mishale. Kwenye bampa huenda ukakuta >PP+EPDM-TD20<. PP ni polipropilini. EPDM ni aina ya mpira uliochanganywa humo ili bampa likigongwa lijikunje badala ya kupasuka. Na TD20 inamaanisha kwamba asilimia 20 ya uzito wake ni unga wa talki. Kwenye grili na vifuniko vya vioo vya pembeni utakuta zaidi ABS, plastiki nyingine iliyo ngumu, au mchanganyiko wa PC, yaani polikaboneti, na ABS.

Tofauti ya PP na ABS ndiyo kiini cha kazi yote hii, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie kidogo. Rangi hushika pale tu inapoweza kutandaa na kuulowesha uso ulio chini yake, na uso huo hupimwa kwa nguvu yake ya kuvuta kimiminika. Kwa polipropilini nguvu hiyo ni takribani milinewtoni 30 kwa mita, na kwa ABS inakaribia 40. Maji yenyewe yana mvutano wa uso wa takribani 72, ndiyo maana tone la maji juu ya PP hujikusanya na kubaki limebinuka kama ushanga. Kikemia PP ni jamaa wa nta: minyororo ya kaboni na hidrojeni peke yake, isiyo na chochote ambacho praima ya kawaida inaweza kukishika. Viwandani tatizo hili hutatuliwa, miongoni mwa njia nyingine, kwa kupitisha mwali wa gesi juu ya bampa kwa kitambo kifupi mno, ili oksijeni ijishikize kwenye uso wake. Nimeona watu wakijaribu kuiga jambo hilo nyumbani kwa tochi ya gesi. Sipendekezi hata kidogo, kwa kuwa umbali kati ya uso ulioandaliwa na bampa lililopinda ni sehemu ndogo ya sekunde, na mara nyingi tochi hiyo huwashwa mita moja tu kutoka kwenye kopo la kiondoa mafuta.

Ikiwa mhuri umefutika, kata kijipande chembamba kutoka ukingo wa ndani usioonekana na ukitie kwenye maji yenye tone la sabuni. PP tupu ina uzito wa takribani gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo huelea. ABS ina takribani 1.05, hivyo huzama. Hata hivyo jaribio hili linahitaji akili, kwa sababu PP iliyotiwa talki asilimia 20 hufikia takribani 1.04 na kuzama vilevile. Kuelea kunakupa jibu, kuzama hakukupi. Dalili ninayoiamini zaidi ni ya msasa: ABS ikisuguliwa hutoa unga mkavu, na PP hutoa nyuzinyuzi laini zinazobaki zimening'inia kwenye mkwaruzo kama vinyweleo. Ukishindwa kuamua, chukulia kwamba ni PP na uiandae hivyo.

Sasa tufike kwenye kuosha, ambako naweza kusema bila kusita kwamba ndiko kazi nyingi za nyumbani hufia. Utaratibu wangu ni sabuni na maji ya vuguvugu kwanza, kisha kiondoa mafuta na nta kilichoandikwa kwamba kinafaa kwa plastiki, ndipo msasa uguse kipande. Wengi hufanya kinyume. Wanasugua kwanza kwa sababu kusugua kunaonekana kama kazi, halafu wanafuta mwishoni, na kumbe msasa umekwisha kuyasukuma mafuta na silikoni ndani ya mikwaruzo ambamo kitambaa hakifiki. Sabuni hutangulia kwa sababu chumvi, matope na jasho la mikono huyeyuka katika maji na si katika kiondoa mafuta. Kiondoa mafuta nacho hutumiwa kwa vitambaa viwili: kimoja kilicholowa hupita mbele, na kingine kikavu hufuata mara moja kabla kimiminika hakijakauka, kwa maana kikikaukia hapo mafuta yaliyoyeyuka yatarudi palepale yalipokuwa. Usitumie tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi. Juu ya ABS na polikaboneti inaweza kulainisha uso na kuuachia nyufa nyembamba kama nywele, na bampa la PP hunywa kiasi chake na kukitoa taratibu baadaye, rangi ikiwa tayari imeshafunga njia.

Kipande kipya kisichopakwa rangi kina tatizo lake la ziada. Kinatoka kiwandani kikiwa na mabaki ya dawa inayokisaidia kutoka kwenye kalibu, na dawa hiyo haionekani kwa macho. Mimi hukisugua kwa pedi ya kijivu, ile ya nyuzi za kukwaruzia, na maji ya sabuni, nikakiacha mahali pa joto kwa saa kadhaa ili kilichofichika kitoke juu, kisha nikakiosha upya. Baada ya hapo hukimwagia maji safi na kuyatazama yakishuka. Juu ya PP maji hayawezi kutandaa kama kwenye kioo hata kipande kikiwa safi kabisa, na anayetarajia hivyo atasugua mpaka usiku; ninachotafuta ni usawa. Maji yakivunjika kwa namna moja kila mahali, sina wasiwasi. Yakikwepa doa moja tu lenye umbo la kidole gumba, najua ni nani aliyeshika hapo na lini.

Silikoni inastahili neno lake. Hutoka kwenye mafuta ya kung'arishia dashibodi na matairi, na kiasi kisichoonekana kinatosha kuifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Nilipokuwa bado najifunza kazi, mwenzangu alipuliza king'arisha matairi upande wa pili wa banda wakati mimi natandaza rangi kwenye kifuniko cha kioo cha pembeni. Hatukuwa karibu, na upepo ulikuwa mdogo, lakini kile kifuniko kilitoboka kama uso wa mwenye ndui mbele ya macho yangu, na ilinibidi nikikwangue mpaka chini. Kama gari lako lilipakwa vitu hivyo jana, liweke mbali na mahali utakapopulizia.

Kwa bampa ambalo tayari lina rangi nzima ya kiwandani, ushauri wangu huwa unawashangaza watu: usiiondoe. Rangi ile ilishikishwa kwa njia ambazo wewe na mimi hatuna, na hakuna msingi bora zaidi utakaoweza kuuweka nyumbani. Itie ukakasi kwa msasa wa maji wa P500 au P600 (namba ikiwa kubwa, msasa ni mwembamba zaidi) mpaka mng'ao wote utoweke, kisha punguza kingo za mahali palipochubuka mpaka kidole kisihisi ngazi kati ya rangi na plastiki. Hapo pana mtego, kwa kuwa plastiki ni laini kuliko rangi, na msasa ulioshikwa kwa vidole huchimba plastiki na kuiacha rangi imesimama kama ukingo wa sahani. Tumia kipande cha mpira au sifongo ngumu chini ya msasa, anza na P320, na uwe mwepesi. Mkwaruzo wa kina unaweza kuhitaji P180, lakini kwenye PP msasa huo ukitumiwa kwa nguvu huinua vinyweleo nilivyovitaja, navyo vikifunikwa na praima husimama kama ndevu. Vinyolewe kwa wembe mkali uliolazwa, kisha umalizie kwa msasa mwembamba. Mashimo hujazwa kwa fila inayopinda, iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki. Fila ya bati itapasuka siku bampa litakapoguswa na ukuta.

Sehemu ambazo hakuna anayezisugua vya kutosha ni kingo za matundu ya taa, mdomo wa chini wa bampa na mifereji ya grili. Ni mahali pabaya pa kushikia msasa, na ndipo maji ya shinikizo yanapopata mwanya. Bampa langu la kwanza lilianzia hapo. Pedi ya kijivu iliyokunjwa kwenye ncha ya kijiti hufika karibu kila mahali.

Praima ya plastiki, ambayo kazi yake ni kushikisha na si kujaza, ndiyo dawa ya plastiki iliyo wazi. Nyingi zina polipropilini iliyotiwa klorini: upande mmoja wa molekuli unafanana na bampa na kujipenyeza humo, na upande wa klorini unaipa rangi kitu cha kukishika. Ni angavu, nyembamba, na haivutii macho, na kwa sababu hiyo watu huipiga nyingi mno wakitafuta kuiona. Mkono mmoja mwepesi, yaani tabaka moja, unatosha, au miwili kama kopo linavyoelekeza, kwa kuwa tabaka nene la praima hii ni dhaifu lenyewe na linaweza kupasuka katikati. Haisuguliwi. Kila mtengenezaji huandika muda wa kusubiri kabla ya tabaka linalofuata na muda usiopaswa kupitwa. Ukiupita, tia ukakasi na upige upya. Usipige simu wala kuandaa chai katika dakika hizo.

Praima ya kujaza hufuata, mikono miwili au mitatu, ikiachwa ipumue kati ya mkono na mkono. Ikikauka, pulizia juu yake ukungu mwepesi sana wa rangi nyeusi na usugue kwa P600 kisha P800 na maji: weusi unaobaki unaonyesha bonde, na weusi unaotoka upesi kupita kiasi unaonyesha kilima. Ukisugua mpaka plastiki ikachungulia, hata kwa upana wa punje ya mtama, rudisha praima ya plastiki hapo. Ni kishawishi kikubwa kuacha, kwa sababu rangi itafunika na hakuna atakayeona.

Kuhusu mahali, joto la kati ya nyuzi 18 na 25 hunitosha, na siku ya unyevunyevu mwingi huiahirisha kazi, maana rangi inayokauka haraka hupoza uso, mvuke ukagandia juu yake na kuacha weupe kama maziwa. Kopo baridi hutema matone badala ya ukungu. Liweke dakika kumi katika maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto, kwa kuwa makopo haya hayapaswi kuzidi nyuzi 50. Litikise kwa dakika mbili nzima zinazohesabiwa tangu gololi ya ndani ianze kulia. Nyunyizia sakafu maji ili vumbi litulie. Plastiki pia hujichaji umeme tuli kila inapofutwa kwa kitambaa kikavu, kisha huvuta nyuzi kutoka hewani, kwa hiyo ufutaji wa mwisho uwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo pombe ya isopropili na kupitishwa taratibu, upande mmoja tu. Na kipande kiwekwe kama kinavyokaa kwenye gari, bampa likiwa limesimama, si limelala. Chembe za alumini katika rangi za metaliki hulala kulingana na jinsi zilivyotua, na bampa lililopulizwa chali linaweza kuonekana jeusi kidogo kuliko mabawa ya pembeni hata kama namba ya rangi ni sahihi.

Namba hiyo hupatikana kwenye kibandiko au bati la utambulisho wa gari, lakini ni mwanzo tu wa kulinganisha, kwa sababu rangi moja huchanganywa kwa tofauti ndogondogo kutoka kundi moja la magari hadi jingine, na jua nalo limeshafanya yake. Pulizia kadi kwanza, ipige klia, iache ikauke, kisha iweke kando ya gari nje mchana. Kwenye kipande chenyewe anza na kingo na mifereji, ndipo uso mpana. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono uanze kutembea kabla kidole hakijabonyeza na uachie baada ya kuvuka ukingo, na kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Futa kichwa cha kopo kila baada ya mipito michache. Mkono wa kwanza usifunike. Uonekane kama ukungu tu. Wa pili na wa tatu ndiyo ya kufunika. Kwa metaliki mimi huongeza mkono mmoja mkavu kidogo kutoka mbali zaidi, ili kusawazisha mawingu.

Klia ndiyo inayonifanya nipunguze mwendo. Iko ya kopo la kawaida, inayokauka kwa kiyeyusho chake kuvukiza tu, na iko ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ambayo katika makopo ya kisasa imefichwa kwenye chumba chake na huachiliwa kwa kubonyeza kitufe cha chini. Ya pili ni bora kwa kila kipimo: ngumu zaidi, ina mng'ao mrefu, na petroli haiilainishi. Lakini hadina yake ina isosayaneti, ambazo zinaweza kuufanya mwili uwe na mzio wa kudumu na kuleta pumu, na mtu akishafika huko hata kiasi kidogo sana humletea shida. Barakoa ya vumbi haizuii lolote. Barakoa ya vichujio vya mvuke ni afadhali, ila isosayaneti hazina harufu ya kukuonya kichujio kikichoka, na ndiyo maana katika karakana tunavaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwa anayefanya kazi kwenye gereji ya nyumbani, hasa iliyoungana na vyumba vya kulala, msimamo wangu ni huu: tumia klia ya kawaida, uridhike na mng'ao wake, au andaa kipande mpaka rangi na ukipeleke kwa fundi apige klia peke yake. Glavu, miwani na mlango ulio wazi ni lazima kwa vyovyote, na hita ya maji yenye mwali izimwe.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya zamani havikuwa na sababu ya kulitaja. Magari mengi ya sasa yana rada nyuma ya bampa, zinazofanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 24 au 77, kwa ajili ya kuangalia magari yaliyojificha pembeni au kuyafuata yaliyo mbele. Fila, tabaka nyingi za rangi na chembe za chuma mbele ya rada hiyo zinaweza kuidhoofisha au kuipotosha, na watengenezaji wengi hawaruhusu ukarabati eneo hilo. Kabla hujagusa bampa, jua rada iko wapi. Vihisi vya kuegeshea gari ni tofauti: hutumia mawimbi ya sauti na uso wao hutetemeka, kwa hiyo tabaka nyembamba linavumilika na tabaka nene huwafanya viziwi.

Ili usirudie yaliyonipata, fanya jaribio kabla ya kuanza, upande wa ndani wa bampa lilelile. Andaa eneo la ukubwa wa kiganja kwa hatua zote, toka sabuni hadi klia, na uliache wiki moja. Kisha chukua wembe mpya, chora mistari sita iliyoachana kwa milimita 2, ikatizwe na mingine sita, ili upate viraba 25. Bandika utepe wenye gundi kali, ukandamize kwa ukucha, na uuvute kwa mkupuo mmoja. Kipimo cha kimataifa cha ISO 2409 huupa uso alama kuanzia 0, pale ambapo hakuna kiraba kilichoguswa, hadi 5. Vikitoka viraba vizima, angalia upande wa chini wa kilichonasa kwenye utepe. Ukiwa laini na unang'aa, tatizo liko kwenye plastiki: haikusuguliwa, haikuoshwa, au praima si yake. Ukiwa na vumbivumbi lenye rangi ya praima, basi praima ndiyo iliyopasuka, na huenda ulipiga nyingi. Kipande kilichokamilika nacho kisubiri wiki kabla ya kuoshwa kwa mkono na mwezi kabla ya nta, na bomba la shinikizo lisielekezwe kwenye kingo za matundu ya taa kwa karibu, hata kama viraba vyote 25 vilibaki.